Meza ya Wote au Chumba Chako? Kuchagua Malazi London ya Malkia Victoria

Tuchukulie ni Novemba mwaka 1889. Una miaka ishirini na moja, umepata kazi ya ukarani London, mshahara pauni 90 kwa mwaka. Mjini huna shangazi wala binamu. Saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia, moshi wa makaa ya mawe umechanganyika na ukungu, sanduku lako liko miguuni, na kabla ya yote unatakiwa uamue utalala wapi.

Milango iko miwili. Wa kwanza ni nyumba ya kulala na kula: unalipa pesa moja kwa wiki, unapata kitanda, kifungua kinywa na chakula cha jioni, na unakula meza moja na watu kumi ambao hukuwachagua. Wa pili ni chumba cha kupanga ndani ya nyumba ya mtu: chumba ni chako, mlango unaufunga mwenyewe, na kila kitu kingine kinahesabiwa kwa peni.

Wengi wakisoma habari za enzi ile ya 1837 hadi 1901 hudhani tofauti ya milango hii ni bei. Nimezisoma kwa miaka, barua na kumbukumbu za watu waliopita humo, na sikubaliani nao. Bei zilikaribiana kuliko unavyodhani. Tofauti kubwa ni nani anashika kisu cha mkate.

Hata hivyo tuanze na pesa, maana ndiyo inayouma kwanza. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Pauni 90 kwa mwaka ni kama shilingi 34 na nusu kwa wiki. Nyumba za kulala na kula za Bloomsbury, mitaa iliyo jirani na jumba kuu la makumbusho na iliyojaa nyumba za namna hiyo, zilitoza kuanzia shilingi 30 hivi kwa wiki. Ukitoa hizo unabakiwa na shilingi nne na nusu za nguo, nauli, sabuni na stempu za barua za nyumbani. Ukisogea nje ya katikati ya jiji unapata pungufu, lakini tofauti hiyo unailipa kwa miguu yako au kwa nauli ya basi la farasi.

Chumba cha kupanga kinaonekana rahisi mpaka upige hesabu yote. Mwaka 1873 kijana wa Kiholanzi wa miaka ishirini, Vincent van Gogh, aliletwa London na kampuni ya wauza picha, akilipwa pauni hizohizo 90. Bado hakuwa mchoraji. Aliwaandikia jamaa zake kwamba maisha ni ghali: analipa shilingi 18 kwa wiki kwa malazi peke yake, kufuliwa nguo hakumo, na chakula bado anatakiwa akanunue mjini. Shilingi 18 ni zaidi ya nusu ya mshahara wake, kabla hajatia kitu mdomoni. Nyumba yenyewe ilikuwa ya akina mama wawili wenye kasuku wawili, na wenzake walikuwa Wajerumani watatu wapenda muziki waliopiga piano na kuimba jioni. Aliifurahia. Ilipofika Agosti alihama tu, akaenda Brixton kwa mama mjane, huko ng'ambo ya mto, kutafuta unafuu, akawa anatembea kwa miguu hadi kazini asubuhi.

Sasa ongeza vile vidogovidogo, ambavyo ndivyo vilivyowatoa machozi wapangaji wa vyumba. Ulikubaliana kodi, ukadhani umemaliza. Jumamosi bili inaletwa juu kwenye sahani ya chai. Ndoo ya makaa ya mawe, peni 6, na wakati wa baridi ndoo moja haimalizi siku. Moto wa jikoni, kwa sababu chai yako ilichemkia huko. Gesi au mishumaa. Kung'arishiwa viatu. Kufuliwa shuka. Kwenye miji ya pwani kama Margate na Blackpool, ambako watu walikwenda mapumziko wakiwa na vyakula vyao na mama mwenye nyumba akawapikia, malalamiko yaliyozoeleka yalikuwa ni kutozwa hata kwa vile vichupa vya chumvi, pilipili na siki vilivyokaa mezani. Kila kitu kwenye bili kina maelezo yake, na kila kimoja ni kidogo kiasi kwamba unaona haya kubisha. Ukivijumlisha, chumba chako cha shilingi 10 kimefika 16.

Kwa hiyo kwenye pesa naipa nyumba ya meza ushindi, ingawa bei yake inatisha zaidi ukiitajiwa mlangoni. Unajua Jumatatu utakachokuwa nacho Jumamosi. Mtu anayeanza maisha kwa mshahara mdogo anahitaji sana kulijua hilo.

Tuje kwenye chakula, na hapa nitakaa kidogo.

Kwenye meza ya wote, mama mwenye nyumba huketi kichwani. Kengele inapigwa, watu wanashuka ngazi, na mahali unapoketi hukuchagua: mgeni mara nyingi huwekwa mwisho wa meza, karibu na mlango unaopitisha baridi, naye hupanda kiti kimoja kila mkongwe anapohama. Jumapili kuna paja la kondoo, la moto, na mkato wake ni mwembamba hivi kwamba unaona maua ya sahani kwa upande wa pili. Jumatatu paja lilelile linarudi likiwa baridi. Jumanne limekatwakatwa na kupashwa ndani ya mchuzi. Jumatano mifupa imekuwa supu. Kabichi ipo kila siku, harufu yake imeshika mapazia ya ukumbini, na mgeni anayefungua mlango wa mbele hujua amefika wapi kabla hajaona mtu. Kuomba kipande cha pili haikukatazwa. Ila watu kumi wanakutazama ukiomba, na mama mwenye nyumba anashusha kisu taratibu.

Aliyeeleza vizuri zaidi njaa ya meza hii, kwa maoni yangu, ni Mohandas Gandhi. Aliingia London mwaka 1888 kusomea sheria, anatimiza miaka kumi na tisa, akiwa amemwapia mama yake kwamba hatagusa nyama. Akawekwa kwa mama mjane huko West Kensington. Yule mama alikuwa mwema, kila siku alimuuliza kama chakula kinampendeza, lakini angefanya nini kwa mtu asiyekula nyama? Kila kitu kilikuwa chapwa kinywani mwake. Gandhi alikuwa na tumbo la kijana, na aibu ya mgeni ikamzuia kuomba mkate zaidi. Mabinti wawili wa yule mama wakiona hali yake humsukumia kipande kimoja au viwili vya mkate vya ziada. Hawakujua, anasema, kwamba asingeshiba kwa chini ya mkate mzima.

Kipande hicho cha mkate ndicho ninachokikumbuka kila ninaposoma habari za nyumba hizi. Mtu amelipa, chakula kipo, wenyeji hawana ubaya, na bado analala njaa, kwa sababu kisu hakiko mkononi mwake.

Alichofanya baadaye ndicho kipimo kizuri kwa anayechagua. Aliona kwamba kuishi na familia kunamfunga kwa bili ya kila wiki, pamoja na adabu ya kuwatoa wenyeji kula nje mara mojamoja, akaamua kupanga vyumba vyake mwenyewe, mahali ambapo angeweza kufika kwenye shughuli zake kwa mguu ndani ya nusu saa. Mwishowe akabaki na chumba kimoja chenye jiko dogo. Asubuhi alipika uji wa shayiri na kuchemsha maji ya kakao, kazi ya dakika ishirini. Mchana alikula mgahawani. Jioni mkate na kakao chumbani. Akawa anaishi kwa shilingi moja na peni tatu kwa siku, na alisema maisha hayo yalimpa furaha. Ladha ya kuwa na chumba chake haikumtoka: mwaka 1893, akiwa njiani kwenda Natal, Afrika Kusini, meli ilipokawia Unguja alipanga vyumba mjini, akawa anatembeatembea akishangaa ule ukijani wa miti.

Lakini tusidanganyane kwamba kila chumba cha kupanga kilikuwa na uhuru wa namna ile. Kwa kawaida mpangaji hakuwa na jiko lake. Alinunua chai, sukari, siagi na kipande cha nyama, akamkabidhi mama mwenye nyumba apikiwe huko chini. Chai ikaisha kabla ya wiki. Siagi ikapungua kwa upande usiojulikana. Ukiuliza, unaambiwa ni paka. Paka wa mama mwenye nyumba alisingiziwa nyama, maziwa, jibini, hata pombe ya kwenye chupa, na vichekesho vya magazeti ya wakati huo vimemjaa paka huyo. Visanduku vya chai vilikuwa na kufuli, na mpangaji mwangalifu alitia alama ya penseli kwenye chupa yake. Kila nikisoma vichekesho hivyo namfikiria na msichana aliyekuwa huko jikoni, nitamfikia punde.

Kwenye mazungumzo na upweke, mlango wa kwanza unashinda waziwazi. Baada ya chakula watu hupanda sebuleni. Kuna mwanafunzi wa udaktari, kuna mjane na binti yake, kuna mzee aliyefanya kazi India anayerudia kisa kilekile, kuna Mjerumani anayejifunza Kiingereza, na kuna mtu anayepiga piano vibaya. Wanakuchosha. Lakini ukiugua, kuna mtu atakayeona kwamba kiti chako kiko wazi. Katika chumba cha kupanga, jioni ya ukungu, umekaa mbele ya makaa uliyoyapanga moja moja ili yafike saa nne, unasikia nyayo za mtu wa juu ambaye hujawahi kumwona uso. Mwaka 1847 wakazi wa London walichekeshwa sana na mchezo wa jukwaani kuhusu mama aliyepangisha chumba kimoja kwa watu wawili bila wao kujua, mpiga chapa wa gazeti anayefanya kazi usiku na mshona kofia anayefanya kazi mchana. Ulichekesha kwa sababu kila mpangaji alijua jinsi ilivyo rahisi kutomjua mtu mnayelala chini ya paa moja.

Usafi siwezi kuutumia kukuchagulia mlango. Kunguni walikuwa kote. Vitanda vya chuma vilipendwa kuliko vya mbao kwa sababu kunguni hujificha kwenye maungio ya mbao, na dukani kuliuzwa unga wa Keating's kwenye makopo, wa kunyunyizia godoro. Unga ule ni pareto, ua lilelile ambalo karne iliyofuata lilikuja kulimwa nyanda za juu za Kenya. Kuoga nako kulifanana: beseni na jagi chumbani, poti chini ya kitanda, na maji ya moto yakipandishwa kwa mkebe kutoka jikoni, ghorofa tatu au nne.

Na anayepandisha ni nani? Ni msichana mmoja, mtumishi wa kazi zote, mara nyingi wa miaka kumi na tatu au kumi na nne, wengine wametolewa kwenye makao ya umma ya kuwahifadhi maskini. Anaamka kabla ya alfajiri kusafisha meko na kuwasha moto, anapandisha makaa, anapandisha maji, anashusha majivu, anashusha maji machafu, anang'arisha viatu vilivyoachwa mlangoni, anaitikia kila kengele. Mwaka 1861 mshahara uliotajwa kuwa wa kawaida kwa mtumishi wa kazi zote ulikuwa pauni 9 hadi 14 kwa mwaka. Pauni kumi kwa mwaka ni chini ya shilingi 4 kwa wiki. Ukichagua nyumba, mtazame yeye anapokufungulia mlango. Kama ana macho mekundu ya usingizi na mikono iliyopasuka, na nyumba ina ghorofa nne na hana msaidizi, basi hata maji yako ya asubuhi yatafika baridi, na wewe utakuwa umeongeza kengele moja kwenye siku yake. Hapa nyumba ndogo ya kupanga, yenye wapangaji wawili watatu na mama anayefanya kazi mwenyewe, ninaiona bora kuliko meza ya watu kumi na tano.

Huyo mama naye tusimtupie mawe yote. Wengi walikuwa wajane. Mwanamke wa tabaka la kati aliyefiwa na mume alikuwa na njia chache sana za kujipatia pesa bila kushushwa hadhi, na kupangisha vyumba ilikuwa mojawapo. Mara nyingi nyumba haikuwa yake. Aliipanga yote kwa mtu mwingine, akailipia, akatumaini vyumba vijae. Ule mkato mwembamba wa kondoo mara nyingi ni hesabu ya chumba kimoja kilichokaa tupu tangu Septemba.

Hapo ndipo penye hatari moja ambayo wapangaji wengi hawakuijua mpaka iwakute. Mama huyo akishindwa kulipa kodi yake, mwenye nyumba halisi aliweza kutuma madalali kukamata vitu vilivyomo ndani, na sheria ya zamani haikujali sanduku ni la nani. Saa ya babako, koti lako la baridi, vyote vingeweza kwenda kwa deni la mtu mwingine. Sheria ya kulinda mali za wapangaji ilipitishwa mwaka 1871. Tangu hapo mpangaji aliweza kuandika tamko kwamba vitu hivi ni vyake, akaambatanisha orodha, na akalipa kodi anayodaiwa yeye tu. Fanya orodha hiyo usiku wa kwanza, popote utakapolala.

Chumba cha kupanga kina faida nyingine ambayo makarani wengi waliithamini. Tangu mwaka 1867, mwanaume wa mjini aliyepanga vyumba vyake vyenye thamani ya pauni 10 kwa mwaka bila kuhesabu samani, akakaa humo miezi kumi na miwili, aliweza kupiga kura. Alitakiwa aombe upya kila mwaka, na ukihamahama unaipoteza.

Chini ya milango hii miwili kulikuwa na mingine, na nitaitaja kwa sababu shilingi nne na nusu za akiba hazidumu. Mwaka 1888 huko Whitechapel, mitaa ya maskini mashariki mwa London, kitanda cha usiku mmoja kilikuwa peni 4, na cha watu wawili peni 8. Nyumba hizo zilisajiliwa na kukaguliwa na polisi kwa sheria za 1851 na 1853, lakini usipokuwa na peni zako unatolewa nje usiku huohuo. Mabaharia kutoka India, Uarabuni na Afrika walikuwa na nyumba yao Limehouse, karibu na gati za West India, iliyofunguliwa mwaka 1857. Na miaka mitatu baada ya jioni yako hii, siku ya mwisho ya mwaka 1892, Lord Rowton, aliyewahi kuwa katibu wa waziri mkuu Disraeli, alifungua huko Vauxhall, ng'ambo ya mto, jumba kubwa la kulala wanaume: peni 6 kwa usiku, kila mtu na kijichumba chake, mahali pa kuogea na jikoni pa kupikia. Kwa mwanaume asiye na kitu, hilo lilikuwa bora kuliko chumba kibovu cha kupanga.

Kwa hiyo chagua hivi. Kama ni mgeni kabisa na hujui mtu, anza na meza ya wote kwa miezi mitatu. Utalalamikia kondoo, lakini utajifunza jiji kwa midomo ya watu kumi, na hutakaa peke yako majira ya baridi ya kwanza. Kama una mwiko wa chakula, wa dini au wa nadhiri kama Gandhi, usijaribu meza hata wiki moja. Tafuta chumba chenye jiko dogo na ushike kisu chako. Kama unasoma usiku, chumba. Kama ni mwanamke peke yako, akina mama wengi wa vyumba watakukatalia mlangoni, na nyumba ya meza itakupokea kwa heshima zaidi; mwenye kipato cha kutosha ajaribu majengo ya wanawake wafanyakazi yaliyofunguliwa Chenies Street, Bloomsbury, mwaka huohuo wa 1889.

Ukishafika kwenye ngazi za nyumba, usikubali sanduku lipandishwe kwanza, maana likishapanda unaona haya kulishusha. Omba mshumaa. Inua kona ya godoro upande wa ukutani, utazame mshono. Uliza ndoo ya makaa ni kiasi gani, moto wa jikoni umo au haumo, na ufunguo wa mlango wa mbele unapewa lini. Kisha uliza ni nani atakayekata mkate.